Mvua ya Kiogoro na maji ya Mwambao

Mtu wa pwani akifika Kiogoro huulizwa habari za bahari kama aulizwavyo habari za Makka mtu aliyerudi kuhiji. Wengi wa wenyeji hawajaiona kwa macho yao, lakini ni nadra kukuta mji usiokuwa na mtu wake Mombasa: huyu mwanawe ana duka Kisauni, yule dada yake ameolewa Mtwapa, mwingine mwenyewe amefanya kazi bandarini hata akastaafu. Kiogoro ni soko la mlimani katika Nyaribari Chache, karibu na mji wa Kisii, na nchi hiyo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Vilima vimevikwa chai, migomba na mikaratusi, na mashamba ya watu yamebanana hata ua la huyu ndilo mpaka wa yule. Mvua huko si ya kungojewa. Asubuhi jua hung'aa, na ikifika alasiri upepo wa ziwani hukutana na upepo wa mashariki juu ya vilima hivyo, mawingu yakapanda, radi ikalia, na mara nyingine ikanyesha mvua ya mawe ya kuyachana majani ya chai.

Ilikuwa alasiri ya namna hiyo, nasi tumejibanza chini ya bati la kibanda cha chai, ndipo mwenyeji wangu aliponitupia swali lililonifanya niandike makala haya. Yeye ni mwalimu mstaafu. Alisomesha pwani miaka mingi, na Kiswahili chake kimeingia chumvi ya huko. Alipostaafu alichukua sehemu kubwa ya haki yake akanunua kiwanja karibu na ufuo, kaskazini ya Mombasa, mahali nisipopataja kwa kuwa mali ni ya mtu. Nia yake ni kujenga. Lakini kila afunguapo redio husikia kwamba bahari inapanda na visiwa vitazama, na usingizi umeanza kumpaa.

"Bwana," aliniambia, akiuelekeza mkono kwenye maji yaliyokuwa yakiporomoka katika mfereji wa barabara, "maji yote haya yakienda hayarudi. Si ndiyo hayo yanayoijaza bahari yenu?"

Kibandani tulikuwa watu wanane au tisa, na swali hilo likawa kama jiwe lililotupwa penye nyuki. Kijana mwenye pikipiki alisema habari za bahari kupanda ni hila ya matajiri, ili watu waingiwe na hofu wauze viwanja vya pwani kwa bei ya mchicha. Mama mmoja aliyekuwa na mikungu yake ya ndizi alisema hapana, ni dhambi zimezidi, na Nyasae, kwani ndivyo Wagusii wamwitavyo Mungu, amechoka. Mzee mmoja akamkumbusha kila mtu juu ya Sakagwa, yule mtabiri wa Kigusii ambaye wazee husimulia kwamba aliagua kuja kwa watu weupe kabla hawajatia mguu nchini. Kama Sakagwa angalikuwapo, alisema mzee, asingaliuliza redio.

Nami mtu wa Mwambao, niliyetazamiwa kuwa ndiye mjuzi, nilijikuta sina jawabu la haraka. Nimelitafuta baadaye. Naliandika hapa kwa ajili ya Mwalimu na kwa ajili ya watu wa kwetu pia, maana hoja nilizozisikia Kiogoro ndizo zilezile nizisikiazo barazani baada ya sala ya alasiri.

Kwanza tuyafuate maji yenyewe. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Kisii na Nyamira huteremkia vijito, na vijito hivyo huingia mto Gucha, ambao huko chini Wajaluo huuita Kuja. Mto huo hupita Migori ukaingia Ziwa Viktoria upande wa Nyatike, ambako mvua ikizidi hufurika na kuwatoa watu majumbani. Ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda. Pale ndipo Naili huanza safari yake ndefu. Basi tone lililoanguka juu ya bati letu, kama halikunywewa na mgomba wala kunyanyuliwa tena na jua ziwani au katika vinamasi vya Sudani ya Kusini, njia yake ni ya Juba, Khartoum na Cairo, na mwisho wake ni Bahari ya Rumi, pale Rashid na Dimyati. Mwambao halifiki kabisa. Nilipomweleza hayo kwa simu, Mwalimu alicheka sana, akasema kumbe maisha yake yote amekuwa akiwapelekea Wamisri maji bila ya kulipwa hata senti.

Lakini hata mito inayoingia kwetu, Tana na Sabaki, haiipandishi bahari. Bahari hutoa na kupokea. Jua huyavuta maji yake yakawa mvuke, pepo zikauchukua mvuke huo barani, ukaanguka kuwa mvua, na mito ikayarudisha yale yale. Hesabu ya mwaka mzima karibu hulingana. Kama ingekuwa mito ndiyo inayoijaza bahari, Mji wa Kale wa Mombasa ungalizama kabla Mreno hajaujua.

Ziwa ni jambo lingine, na nadhani hapo ndipo watu wa Kisii wanapochanganya, kwa kuwa kwa lugha yao neno enyancha hutumika kwa ziwa na kwa bahari pia. Ziwa Viktoria ni kama beseni lililoachwa uani: karibu sehemu nne katika tano za maji yanayoliingia ni mvua inayonyesha juu yake lenyewe. Mvua ikizidi, ziwa hupanda, na mvua ikipungua hushuka. Mwaka 1961, ule wa mafuriko makubwa yanayokumbukwa na wazee kabla ya Uhuru, mvua ilinyesha hata ziwa likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache, likafikia kilele chake mwaka 1964. Mwishoni mwa 2019 mambo yalijirudia. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kiasi, na upande wa Indonesia ikawa baridi kuliko desturi. Mawingu yakaja kwetu, na hao wa upande wa pili, Australia, wakaungua kwa moto wa misituni. Kufikia Mei 2020 ziwa lilikifikia kile kilele cha 1964 na kukipita kidogo. Watu wa Kisumu, Homa Bay na Migori waliogelea ndani ya nyumba zao. Hiyo ilikuwa mvua. Bahari ya dunia haipandi kwa namna hiyo.

Bahari hupanda kwa sababu mbili kubwa, na ya kwanza kila mama anayepika anaijua. Jaza sufuria maji mpaka mdomoni, uitie moto, na maji yatamwagika kabla hayajachemka, kwa kuwa maji yakipata joto hutanuka. Bahari ina kina cha maelfu ya mita, na imekuwa ikipokea zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za joto lililozidi duniani. Kutanuka kwa unyuzi kwenye kila mita ya kina kukijumlishwa huwa ni jambo la kuonekana. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika taarifa yao ya mwaka 2021, walihesabu kwamba tangu 1971 hadi 2018 kiasi cha nusu ya kupanda kwa bahari kilitokana na kutanuka huku.

Sababu ya pili ni barafu, na hapa panahitaji uangalifu, maana hoja moja ya wabishi ina ukweli ndani yake. Barafu inayoelea baharini ikiyeyuka haiongezi kitu. Tia vipande vya barafu katika glasi, ijaze maji pomoni, uiache. Barafu itayeyuka na glasi haitamwagika. Barafu inayopandisha bahari ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu, katika milima na hasa katika Greenland na bara la Antaktika. Ya Greenland peke yake, kama ingeyeyuka yote, ingeinua bahari za dunia kwa mita 7 hivi, ingawa kazi hiyo ni ya mamia na maelfu ya miaka. Kilimanjaro, ambao barafu yake imepungua kwa zaidi ya sehemu 80 katika 100 tangu 1912, mchango wake kwa bahari haupimiki kwa udogo. Lakini ni kielelezo tunachoweza kukitazama tukiwa Moshi au Taveta, bila ya kuabiri meli ya kwenda ncha ya dunia.

Na joto lenyewe latoka wapi? Kijana wa pikipiki alinibana hapa. Alisema ameambiwa kwamba hewa ya ukaa ndiyo inayolaumiwa, na hewa hiyo hata yeye anaitoa puani. Basi tuache kupumua? Nilipenda swali lake kuliko yote ya siku ile. Ukaa tunaoutoa puani ulikuwa jana katika ugali na matoke, na mhindi au mgomba uliutoa hewani msimu huohuo. Ni mkopo unaolipwa papo kwa papo. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni kitu kingine. Huo ni ukaa uliozikwa ardhini mamilioni ya miaka, nasi tunaufukua na kuuchoma kwa muda wa vizazi vichache tu. Mimea na bahari hupokea kiasi chake, na kilichobaki hurundikana angani, kikalizuia joto lisitoke kama blanketi juu ya mtu aliyelala.

Elimu hii si ya jana. Mwanamke wa Kimarekani, Eunice Foote, alionyesha mwaka 1856 kwamba hewa ya ukaa hushika joto la jua kuliko hewa ya kawaida. Miaka mitatu baadaye John Tyndall wa Uingereza alilipima jambo hilo kwa ufundi zaidi. Mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius alikaa na kalamu na karatasi akahesabu dunia itapata joto kiasi gani hewa hiyo ikizidi, na yeye, kwa kuwa nchi yake ni ya baridi, aliona kwamba itakuwa neema. Tangu mwaka 1958 hewa inapimwa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii. Kabla ya viwanda vikubwa vya Ulaya kuanza, ukaa ulikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Vipimo vilipoanza Mauna Loa zilikuwa kama 315, na kufikia 2024 zilikuwa zimepita 420. Wanaosema kwamba kosa ni la jua wanajibiwa na vyombo vilivyolipima jua kutoka angani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970: jua halikuongeza nguvu, na dunia imeendelea kupata joto.

Sasa nije kwenye lile lililomhusu Mwalimu zaidi. Je, kwetu Mwambao bahari yapanda kweli?

Ukimwuliza mvuvi, jawabu lake litategemea amesimama ufuo gani. Wa Malindi atakucheka. Pale mchanga na udongo unaoletwa na Sabaki umeisukuma bahari nyuma, hata mtu aliyezoea kuoga karibu na barabara sasa hutembea kwanza juu ya mchanga mtupu. Udongo huo ni wa mashamba ya bara, wa wakulima waliolima miteremko bila ya matuta. Nenda Kipini, penye mdomo wa Tana, utasikia habari kinyume chake. Huko bahari imekula nchi, na wenyeji watakunyoshea kidole majini wakikuonyesha palipokuwa na nyumba. Tana nayo imezuiwa kwa mabwawa ya umeme, tangu Kindaruma mwaka 1968 mpaka Masinga 1981 na Kiambere 1988, na udongo uliokuwa ukishuka kuujenga mdomo wake sasa hutua nyuma ya kuta hizo. Kwa hiyo mito miwili ya nchi moja, katika bahari moja, yatoa ushahidi unaopingana, na hakuna hata mmoja kati ya mashahidi hao anayeizungumzia bahari yenyewe. Wanazungumzia mchanga.

Jicho pia halifai kwa kazi hii. Kwetu, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hufika karibu mita 4. Taarifa ile ya 2021 yasema bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018. Hiyo ni shibiri moja pungufu kidogo. Nani ataiona shibiri moja katika maji yanayopanda na kushuka mita 4, mara mbili kwa siku, maisha yake yote? Linalotia wasiwasi ni mwendo wake. Kati ya 1901 na 1971 ilikuwa milimita 1.3 kwa mwaka, na kati ya 2006 na 2018 ikawa milimita 3.7.

Hata vipimo vyetu wenyewe vilileta ubishi. Kipimo cha bandari ya Unguja, kilichoanza kazi mwaka 1984, kilionyesha kwa miaka kama ishirini kwamba maji yanashuka! Wabishi walilishangilia jambo hilo. Mwaka 2010 wataalamu wakiongozwa na Weiqing Han wa Chuo Kikuu cha Colorado walieleza sababu yake. Pepo za Bahari ya Hindi zilikuwa zimebadilika kutokana na joto lilelile, zikayasukuma maji upande mmoja wa bahari na kuyapunguza upande wa kusi ya ikweta, ambako Unguja imo. Ni kama kuinamisha sinia: chai humwagika upande mmoja na upande wa pili hubaki mkavu, lakini chai ni ileile. Pepo zikigeuka, maji hurudi, na hurudi juu ya bahari iliyokwisha kupanda.

Nitaje na hoja ya nne, kwa sababu niliisikia kwa mtu msomi, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mwamba wa Mombasa, ambao Ngome ya Yesu imesimama juu yake, ni matumbawe yaliyokufa. Matumbawe huishi ndani ya maji. Basi zamani, yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na hapakuwa na kiwanda wala gari. Tena miaka kama 20,000 iliyopita ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, hata Unguja ikaungana na bara, na yule chui wa Unguja anayetajwa na wazee asili yake ni chui waliovuka kwa miguu. (Pemba haikuungana, mkondo wake una kina kirefu mno.) Yote hayo ni kweli. Dunia ilibadilika zamani kwa sababu ya kuyumba kwa njia yake ya kulizunguka jua, taratibu, kwa maelfu ya miaka. Lakini kwamba watu hufa kwa maradhi hakumfanyi aliyechomwa kisu kuwa amekufa kwa maradhi. Na katika zile bahari za kupanda na kushuka hapakuwa na Lamu, wala msikiti wa Jumba la Mtwana uliojengwa ukingoni mwa maji, wala kiwanja cha Mwalimu.

Katika nchi za Kiislamu, Maldivi ndiyo iliyopiga kelele mapema. Aprili 1987 mawimbi makubwa yaliufunika mji wao mkuu wa Malé, na mwaka huohuo Rais Maumoon Abdul Gayoom, msomi wa Al-Azhar, alikwenda Umoja wa Mataifa kusema kwamba nchi yake ina hatari ya kutoweka. Msweden mmoja, Nils-Axel Mörner, aliandika mwaka 2004 kwamba huko bahari haipandi. Wenzake wakampinga kwa vipimo. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa 2010 juu ya visiwa 27 vya matumbawe katika Pasifiki, uliona kwamba vingi havikupungua ukubwa, na vingine viliongezeka, kwa kuwa mawimbi huvirundikia mchanga. Naliandika hili makusudi, maana wale wanaosema kwamba visiwa vyote vimeshaanza kuyeyuka kama sukari nao wanazidisha chumvi. Kisiwa chaweza kubaki na ukubwa wake na visima vyake vikaingia chumvi, na hilo la pili ndilo linalowahamisha watu.

Yule mama wa ndizi aliyesema ni dhambi zetu, je? Watu wa barazani kwetu wangemwunga mkono, na wengine wangesema zaidi: ni kudra, na kutafuta sababu ni kuingilia kazi ya Mola. Mimi si shehe. Lakini nimewauliza masheikh, nao hunielekeza kwenye Surat Rum, penye aya inayotaja uharibifu wa bara na wa bahari na kuuhusisha na kazi ya mikono ya watu. Basi aliyesema dhambi na aliyesema moshi huenda wanataja jambo moja kwa majina mawili, ila aliyesema moshi ametaja pia ni dhambi ipi na ya nani. Agosti 2015 wanazuoni na wataalamu wa Kiislamu walikutana Istanbul wakatoa tangazo la kuzitaka nchi tajiri, na nchi zinazochimba mafuta kwa jina lao hilo, ziache kuitia angani hewa hii ifikapo katikati ya karne. Lilikuwa neno zito, na halikutangazwa sana misikitini kwetu. Jamaa zetu wengi wanapata riziki zao Ghuba, na nyumba nyingi za Mji wa Kale zimepakwa chokaa kwa fedha za mafuta. Si rahisi kumlaumu anayekulisha.

Afrika nzima, kutoka Cairo hadi Cape Town, hutoa chini ya sehemu 5 katika kila 100 za ukaa utokanao na makaa, mafuta na gesi. Watu wa Kiogoro, hata uwahesabie matanuri yao ya matofali na kuni zinazoteketea humo, hawana deni kubwa kwa bahari. Deni lao ni kwa vijito vyao wenyewe, maana mikaratusi iliyopandwa mabondeni inavinyonya, na udongo wa vilima unashuka na Gucha kila mvua kubwa.

Hata hivyo kuna siku moja ambapo suala hili liliacha kuwa la wengine na kuwa letu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga Kwasasi, Lamu, mtambo wa umeme wa megawati 1,050 wa kuchoma makaa ya mawe. Wako waliouona kuwa ni kazi kwa vijana wetu, na sidhani walikuwa wajinga, kwa kuwa Lamu vijana hawana kazi. Wako wavuvi na wazee, chini ya umoja wa Save Lamu, waliouliza samaki watakwenda wapi maji ya moto ya mtambo yakimwagwa baharini, na nani atavuta ule moshi. Walikwenda mahakamani. Juni 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira liliifuta leseni ya mradi, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mji ambao mtaa wake wa ukingoni ni hatua chache tu kutoka majini, na ambao tangu 2001 ni urithi wa dunia, ulikuwa umekaribia kuwa ndio wenye tanuri kubwa la makaa katika Afrika Mashariki. Huko Gazi, Kwale, watu walichagua njia nyingine: tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja huitunza mikoko na kuuza nje hesabu ya ukaa inaouhifadhi, na fedha hununua maji na vitabu vya shule. Si fedha nyingi. Lakini mkoko ukisimama huuvunja mgongo wa wimbi, jambo ambalo ukuta wa saruji hulifanya kwa gharama kubwa.

Nilimwahidi Mwalimu kwamba nitakwenda kukiona kiwanja. Nilikwenda siku ya bamvua, wakati wa kusi, maji yalipokuwa yamejaa kabisa. Kutoka kwenye mstari wa mwani uliotupwa na wimbi hadi jiwe la mpaka nilihesabu hatua 23. Ufuo huo ni mlalo. Nilipiga hesabu ya kienyeji: mahali nchi inapoinuka mita 1 kwa kila mita 50, bahari ikipanda shibiri moja huingia ndani mita 10. Nao wataalamu wanasema ifikapo 2100 huenda ikapanda kati ya sentimita 28 na 55 dunia ikipunguza moshi haraka sana, na kati ya sentimita 63 na 101 isipopunguza. Mbele ya kiwanja vilikuwapo visiki viwili vya minazi, mizizi nje, wimbi likivipiga. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alinionyesha kisima cha jirani. Maji yake zamani yalikuwa matamu, alisema. Niliyaonja. Yana chumvi kidogo, na huenda bahari si mwenye kosa peke yake, kwa kuwa hoteli za karibu nazo zinavuta maji mengi ardhini kwa mashine.

Jioni nilimpigia simu Kiogoro nikamweleza yote kama nilivyoyaona: hatua 23, visiki, kisima. Sikumwambia ajenge wala asijenge. Alinyamaza kitambo, na nikaisikia mvua ikipiga bati lake. Kisha akaniuliza kama yule mtu wa ng'ambo ya barabara, upande wa juu, kile kiwanja chake bado anakiuza.